Duka Likijaa, Wanaoondoka Bila Kununua Wahesabiwe

MALIPO ya kahawa yanapotoka katika kata kama Mapera, wilayani Mbinga, duka dogo la kijijini hujaa hadi barazani. Mmoja anataka kilo mbili za sukari, mwingine mafuta ya kupima, mtoto ametumwa kiberiti. Mwenye duka huufurahia msongamano huo. Lakini daftari lake la mauzo huonyesha walionunua tu. Waliochoka kusubiri wakaondoka hawamo.

Enzi za uhaba hasara hiyo haikuonekana. Mwaka 1976 serikali iliendesha operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili kupisha ya ushirika, ikaisimamisha baada ya bidhaa kuadimika. Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na taratibu mteja akawa na pa kuchagua. Leo lami imeunganisha Songea, Mbinga na Mbamba Bay. Asiyehudumiwa kijijini hununua mjini.

Msongamano hufukuza wateja hata kwenye maduka makubwa. Mtaalamu wa Marekani, Paco Underhill, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999 kisa cha duka la Bloomingdale's la New York. Tai zilitundikwa karibu na mlango. Wateja walisimama kuzitazama, lakini walipogongwa na waliokuwa wakipita waliziacha. Zilipohamishwa pembeni, mauzo yakapanda. Siri hiyo ilipatikana kwa kutazama picha za video, si kwa kukisia.

Duka la kijijini halihitaji video. Daftari moja na msaidizi wa kuketi pembeni kwa wiki moja vinatosha. Aandike saa, nani amenunua, nani ameondoka mikono mitupu, na nani ameulizia kisichokuwapo. Siku zihusishe Jumapili baada ya misa na siku za malipo. Aandike pia kinachochelewesha: kupima sukari, kutafuta chenji, au mtu anayetoa fedha za simu kwenye kaunta ileile.

Kwa mfano, wakiondoka watu 8 kwa siku, kila mmoja akiwa na manunuzi ya Sh 2,000, duka limepoteza mauzo ya Sh 16,000, yaani Sh 112,000 kwa wiki.

Kuuliza nako kuna utaratibu wake. Mteja, hasa mwenye deni dukani, hawezi kumlaumu muuzaji mbele ya watu. Ni heri aulizwe pembeni: wiki hii umenunua nini kwingine, na kwa nini? Swali la "huduma yetu ni nzuri?" huleta jibu la heshima tu.

Matokeo ndiyo yaonyeshe dawa. Sukari yaweza kufungwa mapema kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Chenji iandaliwe asubuhi. Magunia yaondolewe mlangoni. Huduma ya fedha za simu ipewe dirisha lake. Jambo moja libadilishwe kwanza, kisha hesabu irudiwe wiki inayofuata.

Mwenye duka anayewaza kukopa ili apanue chumba aanze na hesabu hii. Ikiwa kinachokwamisha ni mizani moja na muuzaji mmoja, chumba kikubwa kitaongeza foleni, na riba italipwa vilevile.