Laptopu ya gemu kwa mtu wa Boga: hesabu ianzie kwenye betri

EA Sports FC 26, gemu ya soka iliyotoka Septemba 2025, inadai prosesa ya Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM ya gigabaiti 8, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4, na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kijana wa Boga, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, anayetaka kumchezesha mshambuliaji wa Kongo Yoane Wissa akiwa na jezi ya Newcastle huinakili orodha hiyo kwenye simu, akapanda pikipiki hadi Bunia na kuuliza dukani: ipi ya bei nafuu inayotosha? Muuzaji atampa jibu la haraka. Lakini orodha ile haikugusa umeme, na kwa wengi wa Boga umeme ni ule wa paneli ya sola na betri iliyo pembeni mwa sebule.

Tuchukue mashini inayotimiza orodha hiyo na kupatikana kwenye mtumba: Acer Nitro 5 ya mwaka 2018, yenye Core i5-8300H na GTX 1050 Ti. Ni mashini nzuri. Chaja yake ni ya wati 135, na gemu ikikolea, mashini hula wati 100 na zaidi. Sasa tazama betri ya nyumbani. Ile ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, ila ukiitoa zaidi ya nusu kila siku itakufa mapema, kwa hiyo una 600. Inveta nayo hula sehemu yake, zikabaki kama 520. Kwa mashini inayokula wati 110, hizo ni chini ya saa tano, tena taa zote zikiwa zimezimwa na hakuna simu ya jirani inayochajiwa. Kuzirudisha ni kazi nyingine: paneli ya wati 100, hata kwa jua letu la karibu na ikweta, ikikupa wati-saa 400 kwa siku umeshukuru. Mechi za saa mbili jioni zimekwishameza zaidi ya nusu ya hizo.

Wengine hudhani watacheza kwa betri ya laptopu yenyewe. Mashini za gemu hujipunguzia nguvu zikichomolewa, gemu ikaanza kukwamakwama, na betri ya mtumba mara nyingi haifiki hata saa moja.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu mwenye paneli moja na betri moja ni kuachana na laptopu za gemu, atafute za ofisini: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840, Dell Latitude. Makampuni makubwa huziuza kwa mafungu baada ya miaka michache ya matumizi, na ndizo zinazojaa kwenye masoko ya mtumba kutoka Dubai na Kampala hadi Bunia. Zinakula wati 35 hadi 45 zikicheza. Betri ileile iliyokupa chini ya saa tano sasa inakupa kumi na kitu. Nyingi za kuanzia mwaka 2018 hivi huchajiwa kwa tundu la USB-C, na hapo kuna faida ambayo wauzaji wachache huitaja: ukipata chaja ya gari ya USB-C ya wati 65, unaiunganisha moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, inveta ikapumzika na hasara yake ikaondoka.

Uzito nao si jambo dogo. Nitro 5 za mwanzo zilikaribia kilo tatu, bila kuhesabu chaja yake kubwa. T480 haifiki mbili. Watu wa Boga na majirani zao wa Tchabi waliokimbia mashambulizi ya mwishoni mwa Mei 2021 wanajua vizuri kuliko mimi kile mtu anachoweza kubeba mgongoni.

Kwenye prosesa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Kibandiko cha Core i7 hakimaanishi kwamba mashini ni kali. Tazama tarakimu zinazofuata: i7-7500U ni kizazi cha saba na ina viini viwili tu, wakati i5-8250U, ya kizazi cha nane, ina vinne na huishinda kwa urahisi kwenye gemu za leo. Kizazi cha nane ndicho pia mpaka ambao Microsoft imeuweka kwa prosesa nyingi za Intel zinazokubaliwa kwenye Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Chini ya hapo usinunue, hata ukipunguziwa bei.

Laptopu za ofisini kwa kawaida hazina kadi ya picha ya pekee. Picha huchorwa na prosesa yenyewe ikiazima RAM. Kwa hiyo RAM moja ya gigabaiti 8 si sawa na mbili za 4. Zikiwa mbili, data hupita njia mbili kwa pamoja na kasi ya picha hupanda kwa kiasi unachokiona kwa macho. Kwenye kizazi cha kumi na moja, kama Latitude 5420 au EliteBook 840 G8 yenye i5-1135G7, jambo hili unaweza kulikagua papo hapo dukani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, fungua ukurasa wa skrini. Ikiandikwa Iris Xe, RAM zimekaa mbili. Ikiandikwa UHD kwenye prosesa hiyohiyo, iko moja, na una sababu ya kuomba bei ishuke ili ununue ya pili.

Je, FC 26 itacheza humo? Iris Xe iko chini ya kiwango kilichotangazwa. Ukishusha ubora wote wa picha unaweza kucheza, lakini hakuna aliyekuahidi, nami sikuahidi. GTA V ya kompyuta ya mwaka 2015, PES 2017 na Football Manager zitakwenda bila shida. Anayeitaka FC 26 bila kubahatisha anunue laptopu yenye GTX 1050 Ti, na kwenye bajeti yake aandike paneli ya pili na betri ya pili kabla hajaandika laptopu.

Ukiwa bado dukani, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki leo. Zima mashini na uiwashe ukiingia kwenye BIOS, kwani mashini za ofisini mara nyingine huja na nenosiri la mmiliki wa kwanza, na hilo halitolewi kirahisi. Kwa Dell, hakikisha chaja inatambuliwa: ikikataliwa, mashini hujipunguzia kasi na betri haijai. Diski iwe SSD. Diski ya kuzunguka ina sahani na kichwa kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na barabara ya kurudi Boga kupitia Bogoro na Gety juu ya pikipiki si mahali pa kuipitisha. Zilizotoka Ubelgiji au Ufaransa huwa na kibodi ya AZERTY. Gemu nyingi hutumia herufi W, A, S na D kutembea, na hapo vidole vitapotea hadi ubadilishe mpangilio. Kwa soka nunua manete, yaani kidhibiti cha mkononi, tatizo litaisha.

Muuzaji akikwambia mashini yake iko tayari kwa GTA VI, usimlipe hata dola moja ya ziada kwa maneno hayo: Rockstar imeitangaza kwa PlayStation 5 na Xbox Series, si kwa kompyuta.

Gemu uliyoichagua ipakue ukiwa Bunia. Gigabaiti 100 za FC 26 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 22 mfululizo, na kwa bando la simu ni pesa ya kununulia RAM. Tafuta mahali penye intaneti ya kudumu, ulale mjini, ifungue na kucheza angalau mechi moja nzima huku umeshika sehemu ya feni. Ikichemka na kuanza kukwama ndani ya dakika ishirini, mrudishie mwenye duka asubuhi ileile, kabla hujatafuta pikipiki ya kurudi.