Kura za Nyanza Mwaka 1992

Hapa Kisumu ukikaa na wazee jioni, hukosi kusikia kwamba mwaka 1992 Jaramogi Oginga Odinga alishinda urais. Babu yangu, ambaye alipiga kura siku ile, huapa kabisa. Nilimwuliza, "Babu, alishinda wapi?" Akanijibu, "Si hapa!"

Kweli, hapa alishinda. Uchaguzi huo wa tarehe 29 Desemba ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu kifungu cha 2A cha Katiba kifutwe mwaka 1991. Karibu robo tatu ya waliopiga kura mkoani Nyanza walimchagua Jaramogi wa FORD-Kenya. Lakini nchi nzima alikuwa wa nne! Moi wa KANU alipata kura kama 1,960,000, Matiba wa FORD-Asili 1,400,000, Kibaki wa DP 1,050,000, naye Jaramogi 944,000. Zaidi ya nusu ya hizo zake zilitoka Nyanza peke yake.

Hapo ndipo penye shida. Sheria ilitaka mshindi apate pia robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Jaramogi alifikisha robo Nyanza tu. Hata kama kila mtu wa Bondo na Nyakach angempigia mara mbili (ni hatia, msicheke), mkoa ungebaki ni mmoja. Tena Nyanza yenyewe si Wajaluo tu. Huko Kisii, Moi na Kibaki walipata kura nyingi.

Wapinzani walilalamika kwamba kura ziliibwa, na babu huanzia hapo. Mimi naanzia kwenye hesabu. Jumlisha kura za wapinzani hao watatu, utapata karibu milioni 3.4. Moi alibaki Ikulu kwa asilimia 36 hivi. Kumbe hata Abraham Lincoln wa Marekani, mwaka 1860, aliwashinda wenzake watatu kwa chini ya asilimia 40, ingawa kwao ushindi huhesabiwa jimbo kwa jimbo. Kwetu siku hizi haiwezekani, maana Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote.

Nilipomwonyesha babu hesabu hii alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa nani angemwachia mwenzake, Matiba ama Jaramogi?" Nikamwambia FORD ilivunjika mwaka huo huo kwa swali hilo hilo. Akacheka, akaitisha chai.