Watoto wa samaki wangapi katika kiziwa chetu?

Wandugu wanafunzi,

Wengi wananiuliza sababu gani samaki wa kiziwa chetu walibaki wadogo sawa vidole, hata kiisha miezi sita. Wengine wanasema asema wezi walikamata wakubwa. Hapana. Kosa lilikuwa kwa hesabu, na mimi prefe nilikuwa wa kwanza kukosa.

Kiziwa kina metre 20 kwa 10, maana yake metre karé 200. Kama chakula ni majani na pumba tu, tilapia wawili wanatosha kwa kila metre karé. Basi ni 400. Sisi tulitia 1200, juu tulifikiri wakiwa wengi tutakula mingi! Lakini ukipanda mahindi karibu-karibu, unavuna majani. Tena tilapia anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, hata akiwa mudogo. Wa aina yetu, mama anachunga mayai ndani ya kinywa, ndiyo maana watoto wengi wanapona na kiziwa kinazidi kujaa.

Tulipoona hawakomae, tukaongeza chakula. Hapo tulikosa mara ya pili. Kila mangaribi ndoo nzima ya bugali iliyobaki mezani ilitupwa ndani. Samaki hawakumaliza, ikaoza chini, na kitu kinachooza kinakula oksijeni ya maji. Muchana ile mimea midogo sana inayofanya maji kuwa ya kijani inatoa oksijeni. Usiku haitoi tena, nayo inapumua sawa samaki. Kwa hiyo saa kumi na moja asubui, mbele jua halijatoka, oksijeni ni kidogo kabisa. Wale wanaoteka maji waliona samaki wanafungua kinywa juu ya maji, wakacheka, asema wana njaa. Kumbe walikosa pumzi. Tuliokota wafu ndoo mbili. Tukafungua mufereji maji mapya yaingie, tukaacha chakula siku tatu, wengine wakapona.

Sasa tutapima. Watoto 400 wa gramu 10 ni kilo 4. Kwa siku wanapewa sehemu 5 kwa 100 ya uzito wao, ni gramu 200: nusu asubui, jua likiisha kupanda, nusu saa kumi, na pahali pamoja tu ili muchungaji aone kama wanamaliza. Kila mwezi tutakamata 20, tuwapime, tufanye hesabu mupya. Wakifika gramu 50, wote ni kilo 20, na sehemu inashuka mpaka 3 kwa 100, ni gramu 600.

Kwa mbolea, tia mukono ndani ya maji mpaka kiwiko. Ukiona vidole bado, ongeza. Visipoonekana, inatosha. Vikipotea mbele kiwiko hakijafika, usitie kitu.

Watoto wapya watafika juma lijalo. Tutahesabu 400 mbele ya wote, na wanaozidi watapewa watu wa kijiji wenye viziwa. Ndoo ya bugali itaenda kwa nguruwe. Hii inaangalia hata wakubwa wa darasa la sita.

Prefe wa wanafunzi