Nani Atasafisha Nyumba Yetu Kabla ya Mvua?

Mwezi wa Septemba ukifika Lubumbashi, vumbi jekundu limekwisha kukaa kila mahali: juu ya mabati, katika nyavu za madirisha, na kwenye kuta zilizopakwa chokaa mwaka uliopita. Mvua nazo zi karibu. Kwa desturi huanza Oktoba, hushika nguvu tangu Novemba hata Machi, kisha hupungua katika Aprili. Basi baba na mama hukaa jioni na kuulizana: nani atafanya kazi hii? Baba yuko kazini mchana kutwa, mama ana meza yake sokoni, watoto wako shuleni. Huamua kumwita mtu wa kulipwa, na twaona wana haki ya kufanya hivyo.

Kumpata mtu si shida. Wako vijana wapitao lupango kwa lupango na jembe na ndoo. Wako mafundi waashi wasio na kazi kubwa wakati huo. Tena wako wenye kampuni ndogo waletao watu wao, ngazi zao, na mashine ya kurusha maji kwa nguvu. Hatusemi kwamba kampuni ni bora siku zote, wala kwamba kijana wa mtaani hana ujuzi. Twasema kwamba mwenye nyumba asiyejua nyumba yake yaharibiwa na nini, atanunua weupe wa ukuta kwa fedha nyingi, na nyumba itazidi kuoza nyuma ya weupe huo.

Mharibifu mkubwa ni maji. Matofali mengi ya mji wetu yametengenezwa kwa udongo wa vichuguu, vile vichuguu virefu ambavyo kila mtu wa Katanga avijua. Ni udongo mwema, nao ukichomwa vizuri huwa mgumu. Lakini katika nyumba nyingi matofali hayo yameshikanishwa kwa udongo mtupu, na saruji imepakwa juu juu tu. Na kuta nyingine ni za matofali mabichi kabisa. Maji yaangukayo kutoka ukingo wa paa huchimba mfereji chini, hurukia ukuta, na kuulainisha miguuni. Kwanza waona doa jeusi. Halafu saruji huvimba na kutoa mlio wa utupu ukiigonga kwa kidole. Mwishowe hubanduka, na mvua ifuatayo hukuta udongo u wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu yeyote, zungukeni nyumba yenu ninyi wenyewe. Tazameni kama misumari ya mabati imelegea, kama majani ya mwembe yameziba mfereji wa paa (maji yaliyosimama humo huzaa mbu pia), na kama ardhi imeinama kuelekea ukutani badala ya kuelekea njiani. Kazi ifuate utaratibu huo huo: paa na mifereji yake kwanza, kisha njia ya maji chini, kisha nyufa, na chokaa mwisho. Watu wengi huanza na chokaa kwa sababu ndiyo waionayo wageni, hasa ikiwa kuna arusi inayokaribia.

Chokaa chenyewe si kitu cha kudharauliwa. Mawe yake yachimbwa katika nchi yetu, kama kule Kakontwe karibu na Likasi, na ukuta uliopakwa vizuri hupumua, yaani unyevu waweza kutoka nje. Rangi ya mafuta yenye kung'aa haina sifa hiyo. Ukipaka juu ya ukuta wenye unyevu, maji hufungwa ndani na rangi huinuka kama malengelenge. Tena chokaa hakishiki juu ya rangi ya mafuta, hata fundi akikuapia. Ukuta upigwe brashi hata vumbi liishe, unyunyiziwe maji, kisha upakwe chokaa chepesi kama maziwa, mara mbili au tatu, na kila mara kikauke kwanza. Mwenye kukipaka kizito mara moja ili amalize upesi, kazi yake itabanduka kabla ya Krismasi. Na yafaa kujua kwamba chokaa kibichi huchemka kikitiwa maji, nacho chaweza kupofusha jicho. Atakayekichanganya asimame mbali na watoto, awe na kitu cha kufunika macho, na maji safi yawe karibu naye.

Kuhusu ile mashine ya maji, tunayo mashaka. Juu ya sakafu ya saruji ya barazani yafanya kazi nzuri sana. Lakini juu ya ukuta ulioshikanishwa kwa udongo, yachimba viungo vya matofali na kuingiza maji pale pale tulipotaka yasiingie. Brashi, sabuni na mkono wenye subira zatosha.

Liko na jambo la hatari zaidi. Baadhi ya nyumba za zamani, za wakati wa ukoloni, ziliezekwa kwa bamba za kijivu za saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Zikikaa bila kuvunjika, hazina neno kubwa. Lakini zikisuguliwa kavu, zikikatwa au kupigwa na mashine ile, hutoa vumbi lisiloonekana ambalo huingia mapafuni, na ugonjwa wake hutokea baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kijana aliyepanda kwa ujira wa siku moja hataweza kujua ni paa gani lililomdhuru. Asipandishwe mtu kusugua bamba hizo. Fagieni mifereji peke yake, na majani yakiwa yameloweshwa kwanza.

Hapo twafikia habari za mfanyakazi mwenyewe. Zamani mtumishi wa nyumbani aliitwa boyi, hata akiwa na wajukuu. Neno hilo lingali likisikika katika nyumba zetu, nasi tusingependa watoto wetu walirithi. Mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba huo wataka mfanyakazi aelezwe wazi kazi yake, saa zake na mshahara wake, tena alipwe angalau mara moja kwa mwezi. Hata kwa kazi ya siku tatu, desturi hiyo yafaa. Andikeni katika karatasi: kuta ngapi, mikono mingapi ya chokaa, nani ananunua brashi, na bei gani. Semeni pia ni faranga au dola. Na kama bei ni ya dola lakini malipo ni ya faranga, patanani kabisa juu ya hesabu ya kubadilisha. Ugomvi mwingi tuliousikia malangoni ulitoka hapo. Sahani ya bukari saa ya mchana ni ukarimu, wala isikatwe katika mshahara.

Kampuni ikija, iulizeni mambo mawili. Kwanza, mtu wenu akianguka, nani atalipa hospitali? Mkubwa wao akicheka badala ya kujibu, mwacheni aende. Pili, tuonyesheni nyumba mliyoifanya mwaka jana. Nyumba iliyosafishwa juzi ni nzuri kila mara; iliyopitiwa na mvua za msimu mzima ndiyo isemayo kweli.

Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu, mguu wake mbali na ukuta kwa kadiri ya mita 1 kwa kila mita 4 za kwenda juu, na mtu mmoja aishike. Na yule mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini ili asome, asipelekwe juu ya paa kwa sababu tu ni mwepesi na halipwi. Twajua jambo hili lafanyika katika nyumba za watu wenye heshima.

Ndani ya nyumba hatuna mengi ya kuongeza, maana akina mama wayajua kuliko sisi. Ila maji ya Javel yasichanganywe kamwe na dawa kali ya kung'arisha choo, wala na siki. Mvuke utokao hapo ni sumu. Mwambieni mfanyakazi hivyo kwa kinywa, hata kama chupa ina maandishi, na madirisha yawe wazi.

Mwaweza kupatana na kampuni kwamba sehemu ndogo ya malipo itabaki hata mvua kubwa ya kwanza. Kwa kibarua wa siku msifanye hivyo. Yeye anunua unga jioni ile ile. Mvua hiyo ikija, mmoja wenu apite chumba kwa chumba na kalamu, atie alama darini kila mahali panapodondoka, kwa sababu dari likikauka fundi hataona kitu.