Wakati Hauonekani, Lakini Huchorwa

Mvuvi wa Mtwapa atakaye kwenda mwambani kuchokoa pweza hutazama mwezi kabla ya kutazama saa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ajua kwamba baada ya siku moja au mbili bamvua itakuwa imeshika, na maji yatapwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Asipoangalia saa ya kurudi, maji yatamzunguka huko huko, na huenda asiwaone tena watoto wake. Basi kuujua wakati si anasa ya watu wa mjini. Ni jambo la uhai.

Wakati haushikiki kwa mkono. Ili tuupime, twahitaji mambo matatu: kitu kinachorudi kila mara, mahali pa kuanzia hesabu, na alama ya kuonyesha kilichopita.

Kwanza ni jua. Sisi huanza kuhesabu kunapokucha, na Wazungu huanza usiku wa manane. Kwa hiyo saba yao ni moja yetu. Mwanzo ni mbalimbali, lakini kipimo ni kimoja. Hata saa ya ukutani si jua lenyewe. Kenya nzima hufuata wakati ulio mbele ya Greenwich kwa saa 3, na hali jua la Mtwapa li mbele kwa saa 2 na dakika 39 tu. Ndiyo sababu, kwa wastani wa mwaka, jua hufika kileleni hapa saa sita na dakika 21.

Pili ni mwezi. Maji hujaa kila siku kwa kuchelewa kama dakika 50, hata baada ya siku 15 hivi yakarudia karibu saa ile ile. Lakini miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kwa hiyo Ramadhani hupita katika masika na kiangazi, na mkulima hawezi kupanda kwa hesabu hiyo.

Wazee wa pwani waliliona tatizo hilo, wakahesabu mwaka tangu Nairuzi kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Kwa miongo walijua majira ya kulima na ya kusafiri. Hata hivyo, mwaka wa siku 365 kamili hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kipimo chochote hakina budi kusahihishwa.

Asiyejua majira huona cha moto. Mwezi wa Aprili, 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi pamoja na rubani aliyepewa huko, akafika Bara Hindi kwa muda wa majuma matatu na kitu. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Safari ile ile ikachukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa njiani. Bahari ilikuwa ile ile. Wakati ndio uliokuwa mwingine.

Sasa, twauchoraje wakati? Yale yanayorudi, kama maji, pepo na mvua, yafaa kuchorwa kwa duara. Yale yasiyorudi, kama kuzaliwa, kujenga na kufa, yafaa kuchorwa kwa mstari. Iko na picha ya tatu, nayo imo ardhini. Katika magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliohamwa katika karne ya 15, James Kirkman alichimba mwaka 1972. Mchimbaji wa mambo ya kale husoma udongo kama kitabu: tabaka la chini ni la zamani, la juu ni la karibuni, na kigae cha sahani ya Kichina chaweza kumwonyesha karne yenyewe.

Msomaji, chukua daftari. Andika kila mwaka siku ya mvua ya kwanza, siku uliyopanda na siku uliyovuna, mstari chini ya mstari. Baada ya miaka kumi utaona kwa macho kama masika yanachelewa au ni kumbukumbu tu inayokudanganya. Mzee aliyekuwa akihesabu miongo kichwani akifa, hesabu yake huzikwa naye. Iliyoandikwa hurithiwa na mjukuu.