KIBADENI: KUTOKA KUFUNGA HADI KUFUNDISHA

Msikilizaji mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, ameniletea swali: je, mfungaji hodari lazima awe mwalimu hodari? Katika barua yake ametaja Waitaliano wa zamani, watu waliotundika viatu wakaenda kukaa benchi. Mimi sitamfuata huko Italia. Msimbazi panatosha, na mtu wetu ni Abdallah Kibadeni, "King Mputa".

Tuanze na tarehe 19 Julai, 1977. Siku hiyo Simba iliichapa Yanga mabao 6-0, na Kibadeni peke yake akatia wavuni matatu. Jumanne Hassan "Masimenti" aliongeza mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Wana Msimbazi walikuwa wakidai deni la miaka tisa, maana Juni 1, 1968 Yanga iliwafunga 5-0. Hadi leo hakuna mchezaji mwingine aliyefunga matatu katika mechi moja ya ligi ya watani hawa.

Enzi hizo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Mtu wa Mafia, sawa na mtu wa Ilala aliyekosa tiketi, aliitazama mechi kwa masikio, redio ikiwa katikati ya baraza. Ndiyo maana wazee wengi watakusimulia magoli ya Kibadeni kana kwamba walikaa nyuma ya nyavu. Msibishane nao.

Basi mtu huyo akageuka mwalimu. Hapa ndipo swali la msikilizaji linapopata uzito. Mfungaji huhukumiwa kwa sekunde moja: anaweza kupotea dakika themanini, akafunga, akabebwa mabegani. Mwalimu hulipia dakika zote tisini, pamoja na makosa ya miguu isiyo yake.

Mwaka 1993 Kibadeni aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, jambo ambalo klabu ya Tanzania haikuwahi kulifanya. Mechi ya kwanza, mjini Abidjan, Simba iliibana Stella 0-0. Matokeo ya namna hiyo ugenini yana hila: mji mzima huanza kushona nguo za sherehe, na kumbe timu haijafunga hata bao moja. Novemba 27, Dar es Salaam ikiwa imefurika, Boli Zozo akafunga mawili na kombe likapanda ndege. Lawama alibebeshwa nani? Benchi, bila shaka. Na ilipita miaka thelathini kabla klabu nyingine ya Tanzania, Yanga ya mwaka 2023, haijacheza fainali ya Afrika, nayo ikafundishwa na mgeni.

Kwa maoni yangu, kipimo halisi cha ualimu wake ni Oktoba 20, 2013. Alikuwa amerudi Simba, Jamhuri Kihwelo "Julio" akiwa msaidizi wake. Hadi mapumziko Yanga ilikuwa mbele kwa 3-0, na baadhi ya mashabiki wa Simba walikwisha kata tamaa. Kipindi cha pili Betram Mombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze wakarudisha yote. Ikawa 3-3. Mwaka 1977 angeweza kurekebisha mambo kwa mguu wake mwenyewe. Safari hii alikuwa na dakika kumi na tano za kusema na vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipofunga yale matatu.

Unadhani alipewa muda? Mwaka haukwisha, akaondolewa, na Simba ikamchukua Zdravko Logarusic kutoka Croatia. Mwaka 2015 Kibadeni akakabidhiwa Kilimanjaro Stars kwa mashindano ya Chalenji nchini Ethiopia, na vijana wake wakatolewa na wenyeji katika robo fainali, kwa penalti.