Je, Wajua? Mng'ao wa Ekzosi Hujijenga Upya

Lita moja ya petroli ikiungua vizuri injinini huzaa takriban lita nzima ya maji. Haidrojeni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na maji hayo hutoka kama mvuke. Asubuhi, bomba likiwa bado baridi, mvuke hugeuka matone na kudondoka mdomoni mwa ekzosi. Matone hayo si ugonjwa wa gari. Shida ni kwamba njiani huchukua masizi, yaani kaboni ambayo haikumaliza kuungua, kisha hukauka nayo pale mwishoni. Weusi ule hujengeka hivyo, tabaka juu ya tabaka.

Chini yake kuna chuma cha ajabu kweli. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata chuma kisichoshika kutu. Kinachokilinda ni kromiamu. Ikifika walau asilimia 10.5 hivi, uso wa chuma hujifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukiukwaruza, oksijeni ya hewani huuziba tena bila msaada wa mtu. Kwa hiyo kusafisha ekzosi ya chuma hiki ni kuuondolea utando uchafu ili uifikie hewa.

Ekzosi ya chuma cha kawaida kilichopakwa kromiamu ni habari nyingine. Pako hilo ni jembamba mno, na likishabanduka hakuna dawa ya kusugua itakayolirudisha.

Na zile rangi za dhahabu, zambarau na buluu kwenye bomba la pikipiki, karibu na injini? Hakuna aliyezipaka. Joto huunenepesha utando ule wa oksidi. Mwanga unaorudi kutoka juu yake hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na baadhi ya rangi hufutana. Chuma chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 huanza kuwa cha manjano kwenye nyuzijoto 300 hivi, na huwa buluu kikikaribia 600. Mimi naona ni pambo, ningeliacha. Asiyelipenda ataliondoa kwa dawa ya kung'arishia vyuma.

Adui mkubwa wa utando huu ni chumvi. Kloridi iliyomo ndani yake huutoboa, ikaacha vidoa vya kahawia na vishimo vidogo. Ndiyo maana gari la Tanga, Mombasa au Unguja, linalopigwa na upepo wa bahari, linahitaji kuoshwa kwa maji baridi mara nyingi kuliko la Dodoma. Kwa sababu hiyohiyo, jiki, kwa kuwa ina klorini, isiguse ekzosi kabisa.

Anza kusafisha bomba likiwa limepoa, na vaa glavu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa hiyo masizi yalowanishwe kwanza. Usiyafute makavu yakaruka usoni. Sabuni ya maji na brashi laini vitaondoa mengi. Yaliyong'ang'ania yasugue kwa dawa ya kung'arishia. Chembe zinazosugua ndani ya dawa hizo mara nyingi ni oksidi ya aluminiamu, kitu kilekile kinachounda yakuti. Kutu juu ya kromiamu ya kupaka hutoka kwa kipande cha foili ya aluminiamu kilicholoweshwa, kwa kuwa aluminiamu ni laini na haikwaruzi pako. Stilwaya ya chuma cha kawaida iache: huacha vipande vidogo vinavyoshika kutu juu ya chuma kizima. Suuza, kausha.

Lakini kabla ya kufuta, pitisha kidole chenye glavu ndani ya mdomo. Unga mweusi mkavu kidogo ni wa kawaida, hasa kwa injini za petroli zinazonyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Ukiwa mwingi na unarudi upesi, injini inapewa mafuta mengi mno kwa hewa inayoingia. Kagua chujio la hewa na nozeli. Ukikuta weusi wenye utelezi wa oili, na moshi ni wa buluu, mpelekee fundi aangalie ringi za pistoni na sili za valvu kabla hujanunua dawa yoyote ya kung'arisha.